Mhandisi hana jinsia, ila sisi tumempa

Kiswahili ni lugha isiyobagua mume na mke katika majina ya kazi. Mhandisi, mkandarasi, msimamizi: maneno haya ya ngeli ya A-WA hayatuambii lolote kuhusu jinsia ya mwenye kazi. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku mjini Nyeri, Karatina au Nanyuki, anayesimamia ulazaji wa bomba la maji huitwa mhandisi tu awapo mwanamume, na huitwa "mhandisi mwanamke" awapo mwanamke. Aghalabu hata cheo hicho humpotea, akabaki kuwa "mama". Isimu hutufunza kwamba linaloongezewa sifa ni lile lisilotarajiwa. Kwa nini, basi, asitarajiwe?

Historia ya eneo hili ingetufanya tumtarajie. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanawake wa Nyeri na wilaya jirani waliunda vikundi vilivyojulikana kama vikundi vya mabati. Walichanga senti zao za vibarua, wakaezekeana nyumba kwa zamu. Paa la nyasi lilivuja. Paa la mabati liliyakinga maji ya mvua na kuyajaza pipani, likampunguzia mama safari za mtoni. Tazama walichokifanya: walikadiria gharama, walikusanya fedha, walinunua vifaa, walimsimamia fundi na kupanga nani amfuate nani. Hayo ndiyo yanayoandikwa leo katika tangazo la kazi ya meneja wa mradi.

Huduma ya maji ilipoingia mikononi mwa kampuni, cheo kilizaliwa na mshahara ukafuata. Kampuni ya maji ya Nyeri iliundwa mwaka wa 1997, kabla ya Sheria ya Maji ya 2002 kuueneza utaratibu huo nchini, na mara nyingi imeorodheshwa miongoni mwa zilizo bora. Embu, Meru na Nanyuki nazo zina kampuni zao. Lakini mwenye cheo alidaiwa shahada, na mama aliyejua mkondo wa kila kijito hakuwa nayo. Kudai shahada ni haki. Lisilo haki ni kwamba binti yake aliyeipata bado hukuta mlango mwembamba.

Wapo watakaosema kwamba Katiba ya 2010 imekwisha kulitatua jambo hili. Kifungu cha 27(8) kinataka jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wanachama wa vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Kanuni hiyo huhesabu viti vya bodi. Haihesabu kofia ngumu nyanjani. Mwaka wa 2022 wapigakura wa Kirinyaga, Embu na Meru walichagua wanawake kuwa magavana. Yamkini ni rahisi zaidi kwa mwanamke kukabidhiwa kaunti nzima kuliko kukabidhiwa ujenzi wa tangi moja la maji katika kaunti hiyo.

Kikwazo kimo katika ngazi yenyewe. Sheria ya Wahandisi ya 2011 humtaka mhitimu afanye kazi kwa muda usiopungua miaka 3 kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi kamili. Aghalabu miaka hiyo huangukia umri wa kuolewa na kuzaa. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama likizo ya miezi 3 yenye mshahara, na miezi 3 si kitu katika utumishi wa miaka 30. Kinachomrudisha nyuma ni huruma asiyoiomba. Huambiwa kwamba kule juu Aberdare kuna baridi na njia ni mbovu, heri abaki ofisini ashughulikie ankara na malalamiko ya wateja. Mwenzake wa kiume hupelekwa kwenye chanzo cha maji, akavutana na mkandarasi, akakagua kazi, akaidhinisha malipo. Baada ya miaka kadhaa nafasi ya meneja wa mradi hutangazwa, na sharti la kwanza ni uzoefu wa nyanjani. Hakuna aliyembagua siku ya mahojiano. Alibaguliwa siku ile alipohurumiwa.

Waliofika kileleni hawakosekani. Rebecca Miano alijiunga na KenGen, kampuni ambayo mabwawa yake ya Mto Tana hujazwa na mito ya Mlima Kenya na Aberdare, mwaka wa 1998. Mwaka wa 2017 akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza, hadi 2022 alipoteuliwa waziri. Njia yake ni ya kustahiwa, lakini ilipitia sheria na ukatibu wa kampuni, wala si mitambo. Mhandisi Rosemary Oduor aliiongoza Kenya Power kati ya 2021 na 2022, akiwa kaimu. Mifano miwili haifanyi kanuni, ila inatosha kutuuliza: mlango wa nyanjani hufungukia wapi?

Walimu wana sehemu yao. Msichana anayeiacha fizikia huwa ameuacha uhandisi, na katika mtaala mpya mwanafunzi huchagua mkondo wake kabla ya kuingia Gredi ya 10. Anayemshauri msichana aepuke "masomo magumu" humhurumia mapema kuliko mwajiri.

Kampuni za maji na umeme nazo zifanye mambo mawili yasiyohitaji sheria mpya. Kwanza, kila mhitimu apelekwe nyanjani kwa zamu iliyoandikwa, si kwa hisia za mkuu wake. Pili, arudiye kutoka likizo ya uzazi arudishiwe mradi wake, asipewe meza nyingine.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mabinti wa Nyeri wamekwisha kuinama. Iliyobaki ni kazi yetu, kuacha kuuziba mvungu. Siku hiyo tutamwita mhandisi, na neno hilo litatosha.