KIFUNGU CHA 27 SI CHA HIJABU PEKE YAKE



Ndugu yangu, dada yangu, kama umekaa na harakati hii hata kwa miezi michache, Kifungu cha 27 cha Katiba unakijua. Tumekichapisha kwenye mabango, tumekisoma mikutanoni, tumekibeba hadi ofisi za walimu wakuu. Ndicho kinachosema mtu asibaguliwe kwa sababu ya dini, imani wala mavazi. Binti akirudishwa nyumbani kwa sababu ya hijabu, hapo ndipo tunapofungua kwanza.

Basi kifungue tena leo, 27(4), lakini usianzie pale penye dini. Anzia mwanzo wa orodha. Inaanza na asili ya mtu, halafu jinsia, halafu ujauzito, halafu hali ya ndoa. Ujauzito ni wa tatu. Dini inakuja ya kumi, mavazi huko mbele zaidi. Na 27(5) inaongeza kwamba si serikali tu iliyokatazwa kubagua, ni mtu yeyote. Mkuu wa chuo ni mtu. Mwenye chuo cha kibinafsi ni mtu. Kamati ya msikiti ni watu.

Miaka yote hii tumekuwa tukisoma nusu ya mstari. Ile nusu nyingine tumewaachia wengine, na dada zetu wanaolia nayo tumewaambia wasubiri.

Hapa Nakuru hatuna upungufu wa vyuo. Egerton iko Njoro, Kabarak ipo, KMTC iko mjini, na vile vyuo vidogo vya orofani juu ya maduka huwezi kuvimaliza kuvihesabu. Sisi wa Free Area tunaishi na wanafunzi. Ni majirani zetu, wamepanga vyumba, wengine wameolewa, wengine wanalea. Ukipanda matatu ya asubuhi kwenda mjini utamwona mmoja na begi la vitabu mgongoni na tumbo mbele, na hakuna anayempisha kiti.

Tumekaa na dada mmoja wa aina hiyo. Mke wa mtu, nikahi yake imesomwa mbele ya mashahidi, mwaka wa pili katika chuo ambacho sitakitaja. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Akaitwa ofisini akaambiwa kwa upole kabisa aende apumzike. Karatasi ilikuwa imeshachapwa, na ilisema kwamba yeye, kwa hiari yake, anaomba kuahirisha masomo. Hakuomba. Aliombewa, kisha akapewa kalamu.

Hebu uone ujanja wa karatasi ile. Hakuna chuo chenye akili kitakachoandika "tunakufukuza kwa kuwa una mimba", maana barua hiyo ukiipeleka kortini kesi imekwisha. Kwa hivyo wanakuandikia ombi lako mwenyewe. Ukishatia sahihi, hakuna aliyekufukuza, wewe ndiye uliyeondoka. Na siku ukirudi na mtoto wa miezi mitano mgongoni, utaambiwa kundi lako limeshapita, somo ulilobakisha halifundishwi muhula huu, atachimenti mpaka mwaka ujao, na karo ya muhula ule ulioukatiza katikati, hiyo tutaangalia. Sikatai kuahirisha. Kuna anayehitaji, kuna ambaye daktari amemwamuru alale kitandani. Ninachokataa ni kuamuliwa.

Wanaosema "amalize kwanza mambo ya mtoto, masomo yapo tu" wachukue kalamu wapige hesabu. Qurani Tukufu, Suratul Ahqaf aya ya 15, inahesabu kubeba mimba na kunyonyesha kuwa miezi 30. Diploma nyingi ni miaka miwili au mitatu. Kwa hivyo "malizana na mtoto kwanza" maana yake ni muda wa diploma nzima, kwa mtoto mmoja tu. Akija wa pili je? Huyo dada atasoma lini, akiwa nyanya?

Cha ajabu ni kwamba mtoto wa sekondari leo ana ulinzi kuliko dada yake wa chuo. Kenya ilianza sera ya kurudisha shule wasichana waliojifungua tangu 1994, na mwaka 2020 wizara ikatoa mwongozo wa kitaifa wa kuwarudisha. Lakini mwongozo huo jina lake lenyewe linasema ni wa elimu ya awali na ya msingi. Ukivuka ukaingia chuo, unakuta kila chuo na kanuni zake, na vingine kanuni ni mdomo wa afisa aliyeketi siku hiyo. Jirani zetu Tanzania walifika pabaya zaidi. Juni 2017 Rais Magufuli alitangaza akiwa Chalinze kwamba msichana akishazaa harudi shule, na ikabaki hivyo mpaka Novemba 2021 wizara ilipoondoa katazo hilo. Miaka minne na zaidi. Wasichana waliopotea katika miaka hiyo hawakurudishiwa kwa tangazo.

Na usiambiwe eti jambo hili halijawahi kupimwa mahakamani katika Afrika. Botswana, mwaka 1995, baraza la wanafunzi la Chuo cha Ualimu cha Molepolole lilikishtaki kile kanuni cha chuo kilichomtaka mwanafunzi mwenye mimba ajitangaze na aondoke. Mahakama ya Rufaa ikasema huo ni ubaguzi, kanuni ikaanguka. Angalia aliyeshtaki: baraza la wanafunzi. Zimbabwe nayo, mwaka 1999, mwanafunzi wa chuo cha ualimu cha Morgenster, chuo cha kanisa, aliambiwa atoke kwa kuwa ameshika mimba, na alikuwa ameolewa. Alikuwa ametia sahihi mkataba wa kujiunga wenye sharti hilo. Mahakama Kuu ikasema sharti kama hilo halifai hata kama ulilitia sahihi. Ndugu yangu ambaye huambii kitu kuhusu fomu za kujiunga na vyuo, huyo soma mara mbili.

Sasa twende kwa wafanyakazi, maana chuo si wanafunzi peke yao. Kuna mhadhiri, kuna karani wa karo, kuna mama anayepiga deki korido saa kumi na moja alfajiri. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili na haki ya kurudi kwenye kazi yake. Inampa baba wiki mbili, kwa mshahara pia. (Akina baba, mngapi mmewahi kuziomba?) Kifungu cha 46 kinasema ujauzito si sababu ya kumwachisha mtu kazi. Si maneno ya karatasini. Mwaka 2013 mahakama ya kazi ilimpa ushindi mwanamke wa benki aliyeondolewa kazini kwa mambo ya mimba. Halafu iko Sheria ya Afya ya 2017, ambayo waajiri wengi wanajifanya hawajaiona. Vifungu vya 71 na 72 vinataka kila mwajiri awe na mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na ampe mama nafasi ya kufanya hivyo ndani ya saa za kazi, mbali na saa ya chakula, hadi saa moja katika kila saa nane, na muda huo unahesabiwa kuwa kazi.

Uliza chuo cha karibu yako chumba hicho kiko wapi. Utaonyeshwa choo. Mtoto wa mtu chakula chake kitayarishwe chooni!

Wanasema hakuna pesa. Pesa za nini? Mlango unaofungwa kwa ndani, kiti, soketi, sinki, friji ndogo. Tulipoomba vyumba vya kuswalia tuliambiwa maneno haya haya, kwamba nafasi hakuna na wengine nao wataanza kudai vyao. Tulipata vingine, vingine bado tunavidai, lakini hatujawahi kukubali kwamba swala ni tatizo la mtu binafsi alimalize kwake nyumbani. Basi kwa nini maziwa?

Najua jibu. Jibu ni zinaa. Kila tukilileta jambo hili kuna mzee atainua mkono aseme tunafungulia watoto milango. Nalijibu kwa heshima, maana ni hofu ya mzazi.

Kwanza, mzee wangu, yule dada niliyemtaja alikuwa na mume. Tunawahimiza vijana waoe mapema, wasitiri nafsi zao, tunasema ndoa ni nusu ya dini. Wakitusikiliza, wakioana chuoni, mimba ikija ndani ya halali, tunawatazama wakitolewa darasani na hatusemi neno. Kijana anajifunza nini hapo? Anajifunza kwamba aliyeoa ndiye mjinga. Kama unaogopa zinaa kweli, simama kwanza na huyu.

Pili, kuna ambaye hakuolewa. Sisemi hakukosea. Lakini aliyempa mimba ameketi kiti cha nyuma darasa lile lile, anaandika mtihani wake, na muhula ujao atapanda mwaka. Hiyo ni adhabu ya zinaa au ni adhabu ya kuwa na tumbo? Na kuna hadithi iliyo katika Sahih Muslim, masheikh wetu wanaijua, ya mwanamke wa Ghamid aliyemjia Mtume (SAW) akikiri mwenyewe, akiwa mjamzito. Alirudishwa akajifungue. Aliporudi akarudishwa tena, anyonyeshe mpaka mtoto aache ziwa. Hata pale palipokuwa na hukumu nzito kuliko zote, mtoto alitangulizwa. Leo ofisi ya chuo, ambayo haina hukumu yoyote ya Mwenyezi Mungu mkononi, haiwezi kungoja hata wiki mbili za mtihani?

Ilhali Mtume huyo huyo alikuwa akiswalisha, akasikia kilio cha mtoto, akaifupisha swala kwa kumhurumia mama yake aliye nyuma. Hilo liko katika Bukhari. Swala ya jamaa ilifupishwa. Kipindi cha uhasibu hakiwezi kumruhusu mama atoke dakika ishirini?

Hapa sasa naomba uvumilie, maana mkuki utageuka kwetu. Nenda kamuulize ustadha anayefundisha madrasa ya mtaani kwako alipojifungua alilipwa miezi mingapi. Muulize mwalimu wa shule yetu ya Kiislamu, ile yenye aya juu ya lango, aliporudi alikuta nani ameketi kwenye kiti chake. Wengi watakuambia hakuna mkataba, ni posho tu, na posho haina likizo. Tunamlipa kwa fi sabilillah, halafu akizaa tunamwombea dua. Suratul Baqara, aya ya 233, inayozungumzia kunyonyesha miaka miwili, inaweka chakula na mavazi ya mama juu ya baba, na inakataza mama kudhurika kwa sababu ya mtoto wake. Tunaisoma kwa tajwidi nzuri sana kwenye ukumbi ambao mlango wa upande wa wanawake hauna hata mahali pa kumbadilisha mtoto nepi. Tukienda kudai kwa wenzetu tukiwa hivi, watatuuliza kwenu je, na hatutakuwa na la kusema. Sheria ya 2007 haikusema isipokuwa madrasa.

Tuliposhinda kesi ya hijabu ya Isiolo katika Mahakama ya Rufaa mwaka 2016 tulifurahi, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ilipoufuta uamuzi ule tuliumia sote. Somo moja lilibaki: korti peke yake haitoshi, lazima chuo chenyewe kiandike. Kwa hivyo tunachodai ni maandishi. Kila chuo kiandike, na kibandike mahali wanafunzi wanapoona, kwamba mjamzito hatoki isipokuwa ameomba mwenyewe. Kwamba siku za kujifungua na za kliniki hazihesabiwi kuwa utoro, mtihani uliompita anaufanya unaofuata bila kulipishwa upya, na nafasi yake ya atachimenti na chumba cha hosteli haipotei kwa sababu ya tumbo. Kwamba yule mama wa deki aliyeajiriwa kupitia kampuni ya nje ana miezi mitatu kama ya mhadhiri, na chuo hakitajificha nyuma ya kampuni. Na misikiti yetu yenye shule ianze kabla ya vyuo hivyo, muhula huu, maana kwetu hatuhitaji kwenda kortini kujishtaki.

Wewe uliye kwenye baraza la wanafunzi, omba kanuni za chuo chako kwa barua, si kwa mdomo, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wewe mume, nenda naye ofisini siku akiitwa, usimwache aende peke yake. Na wewe dada, ukiwekewa karatasi mbele yako, hata kama anayekuwekea anatabasamu na amekupa kiti, usitie sahihi siku hiyo. Sema unaenda kuisoma nyumbani. Wakikataa usiondoke nayo, andika jina la aliyekupa, tarehe na saa, kisha utuletee.