Maafisa Ustawi wa Jamii wafundishwe sheria



Natoa maoni yangu juu ya jambo linalozungumzwa na vijana wetu wasomi, yaani kusoma sheria na ustawi wa jamii kwa pamoja katika shahada ya juu.

Marekani mpango huo upo. Mwenye shahada ya kwanza husoma zote mbili kwa miaka minne hivi, badala ya mitano kama angesoma moja baada ya nyingine. Lakini wanaoutamani wasisahau kwamba huko sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza. Hapa kwetu sheria ndiyo shahada ya kwanza yenyewe, na anayetaka uwakili lazima apite Shule ya Sheria iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Mwaka 2022 sote tulisikia kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja ni 26. Atakayeikwepa njia hiyo atarudi na cheti kirefu, na mahakamani hatasimama kama wakili.

Hata hivyo haja yenyewe ni ya kweli, na sisi walimu wa huku Ufipa tunaijua. Chukua msichana wa darasa la sita aliyepewa mimba. Tangu Sheria ya Elimu irekebishwe mwaka 2016, aliyempa mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Basi wazee wa pande mbili hukutana usiku, huafikiana idadi ya ng'ombe, na asubuhi msichana husema ni mpita njia asiyemjua jina. Polisi anataka ushahidi. Hakuna anayeuliza mtoto huyu atalala wapi endapo atamtaja mtu anayeilisha nyumba yao, wala nani atamrudisha darasani, ingawa ruhusa ya kurudi ipo tangu Novemba 2021. Hapo anatakiwa mtu anayeijua sheria, tena anayeweza kukaa na mama jikoni mpaka aseme.

Ila kazi hizi zina mgongano. Wakili hutunza siri ya mteja wake. Afisa Ustawi wa Jamii, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ana wajibu wa kumlinda mtoto hata kama mzazi hapendi. Mama akimweleza mtu mwenye kazi zote mbili, amemweleza nani?

Kwa hiyo naona fedha za kumsomesha mtu mmoja miaka minne ziwafundishe maafisa ustawi wengi walioko kazini: ushahidi wa mtoto, taarifa za mahakama, Sheria ya Ndoa. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ipo tangu mwaka 1973, na Chuo Kikuu Huria hufundisha watu wakiwa makazini kwao. Aliyekwisha kuwa mwanasheria akitaka kusoma ustawi, asome, hatumzuii. Lakini wakihitimu wapangwe kwenye kata. Mtoto wa bonde la Ziwa Rukwa hana nauli ya kumfuata mtaalamu mjini.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Katandala, Sumbawanga.