Hesabu ya mbalamwezi

Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma, hakuna anayepima faida ya kipe, yaani chombo cha kuvulia dagaa, kwa usiku mmoja. Wavuvi huingia ziwani siku za giza. Mwezi ukijaa, dagaa hawazifuati tena taa, nyavu zinaanikwa na watu wanalala. Hapo ndipo tajiri mwenye kipe anapokaa na vijana wake: mafuta kiasi hiki, chakula kiasi hiki, wavu ulioshonwa, taa iliyopasuka, kinachobaki kinagawanywa. Usiku mtupu umo humo, na usiku wa neema umo humo. Nimenunua dagaa ufukweni pale zaidi ya miaka 20, sijaona tajiri akiuza kipe chake kwa sababu Jumanne walirudi na ndoo mbili.

Mimi nina mali nyingine ya kuhesabiwa hivyohivyo: hisa 4,800 za benki ya CRDB. Zile 4,000 nilizichukua mwaka 2009, benki ilipouza hisa kwa wananchi kwa shilingi 150 kila moja na kuingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwezi Juni. Nilitoa 600,000, na marehemu mume wangu alininunia siku mbili. Mwaka 2015 wanahisa tukapewa nafasi ya kununua hisa moja mpya kwa kila tano tulizonazo, safari hii kwa shilingi 350. Nikachukua 800, yaani 280,000. Jumla iliyotoka kwenye pochi yangu ni 880,000. Mistari hiyo miwili imo ukurasa wa kwanza wa daftari langu, kwa kalamu ya bluu, pembeni kuna doa la mawese.

Miaka ile ukitaka kujua bei ulimpigia dalali wa hisa Dar es Salaam, na kwa kuwa vocha ni pesa, hukupiga. Kisha mtoto wa kaka yangu akaniwekea programu ya simu ya kununulia na kuuzia hisa. Jina la programu sitalitaja. Asubuhi moja mwaka 2024 kijana huyo akanijia barazani, simu mkononi.

“Shikamoo shangazi. Leo umeamka na hasara.”

“Marahaba. Hasara ya nini?”

Akanionyesha mshale mwekundu unaotazama chini, na kipengele kilichoandikwa “uza” kando yake, kikubwa kama kidole gumba.

Ilikuwa ndani ya ile miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, serikali ilipositisha uvuvi Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Chanja zangu za kuanikia dagaa zilikuwa tupu hadi kuku wanalala juu yake. Pesa iliyokuwa inatulisha nyumbani ni gawio la faida ya mwaka 2023: shilingi 50 kwa kila hisa, jumla 240,000, ukitoa kodi ya zuio ya asilimia 5 inabaki 228,000. Nikamwambia kijana anitafutie hiyo 228,000 kwenye programu. Alipekua kila ukurasa. Haikuwemo. Ilishaingia akaunti ya benki, na kwa programu ile kilichoingia benki ni kama hakikutokea.

Nilichelewa kuelewa kwamba mambo hayo mawili, mshale mwekundu na gawio, yanaweza kuwa jambo moja. Kampuni inapotangaza gawio inataja tarehe ya kufunga daftari la wanahisa. Anayenunua baada ya hapo hapati gawio la mwaka huo, kwa hiyo bei mara nyingi hulegea kidogo. Mwenye hisa amelipwa, lakini kioo cha simu kinamwonyesha kushuka kwa bei tu, bila kumwonyesha malipo hayo. Ni sawa na kumhesabia mvuvi mafuta aliyochoma na kuacha kumhesabia samaki.

Hisa zangu za zamani nazo, programu ilianza kuzihesabia faida tangu siku tulipoziingiza humo, kama mtoto anayedhani ukoo ulianza siku aliyozaliwa yeye.

Basi leo nafungua daftari langu. Gawio la mwaka 2021 lilikuwa shilingi 36 kwa hisa, la 2022 shilingi 45, la 2023 shilingi 50, la 2024 shilingi 65. Jumla 196. Toa asilimia 5, inabaki 186 na senti 20. Zidisha kwa hisa 4,800, unapata 893,760. Miaka minne tu ya gawio imenirudishia 880,000 yangu yote na chenji ya 13,760, na hisa bado ni zangu.

Msinipigie vigelegele, kwa sababu daftari hilohilo linanisuta. Ukitenganisha mafungu, zile za shilingi 150 zimejilipa kwa miaka hiyo minne, lakini zile 800 za shilingi 350 bado sana. Tena kabla ya hapo, kufikia mwishoni mwa 2019, bei ilishaporomoka hadi karibu shilingi 100, na mimi nimenunua kwa 350! Programu inayachanganya mafungu hayo kuwa moja na kunisitiri aibu yangu. Na miaka nayo ina gharama yake. Desemba 2011 mfumuko wa bei ulifika asilimia 19.8, kwa hiyo 600,000 ya 2009 haikuwa pesa hii ya leo. Muulize yeyote anayekumbuka kisado cha dagaa kilikuwa bei gani. Aliyenunua hatifungani ya serikali ya miaka 25 mwaka 2021 alipewa riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka bila kutazama mshale wowote. Mimi na yeye nani kafanya vizuri zaidi? Kwa programu yangu siwezi kujua, maana hainiambii hata pesa yangu imekaa miaka mingapi.

Ninachodai ni mstari mmoja, uwe juu kabisa ya kioo: umetoa kiasi gani na lini, umepokea gawio kiasi gani baada ya kodi, ukiuza leo utabaki na kiasi gani baada ya ada ya dalali, na hiyo ni sawa na asilimia ngapi kwa mwaka. Mshale wa leo ushuke chini, uandikwe kwa herufi ndogo. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, inayowapa madalali leseni, ingeweza kulifanya hilo sharti. Wakiachiwa hiari, sitegemei walifanye. Dalali hupata ada mtu anaponunua au anapouza. Mwanahisa aliyetulia miaka mingi hamwingizii kitu.

Sisi wa Ujiji, hapahapa Kigoma, tunajua mali ya mbali isiyo na hesabu inavyoishia. Wageni huja kuona mahali Stanley alipokutana na Livingstone, wanapiga picha na kuondoka. Wachache huuliza kwa nini Livingstone alikuwa hana kitu: alifika hapa Oktoba 1871 akakuta bidhaa alizotumiwa zimeshauzwa zote na aliyekabidhiwa.

Mbalamwezi moja, ufukwe umetulia, kijana akakaa na mimi aingize daftari lote kwenye simu yake, mwaka kwa mwaka tangu 2009. Tulikwenda vizuri hadi akauliza, “Shangazi, mwaka 2012 ulipokea ngapi?” Kurasa tatu zilikuwa zimegandana kwa mawese. Nilipozibandua, wino ulikuwa umebaki upande wa pili, kinyumenyume, hausomeki. Akaacha safu hiyo wazi. Namba zenyewe zipo Dar es Salaam, kwa wanaotunza daftari la wanahisa, na nimewaandikia barua.