Nani alipaswa kufunga soko la Nyamukubi?

Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mvua kubwa iliua watu zaidi ya 120 nchini Rwanda, wengi wao katika jimbo la magharibi, ng'ambo tu ya ziwa Kivu. Alhamisi tarehe 4, watu wa Nyamukubi walikwenda sokoni kama kawaida. Mvua ikanyesha, mito ikashuka na mawe na matope, ikapita ndani ya Nyamukubi na Bushushu. Kalehe ilipoteza watu zaidi ya 400, na wengi hawajapatikana hata leo.

Wapo waliosema ni mapenzi ya Mungu, basi. Lakini Yesu aliwaambia makutano kwamba wakiona wingu likizuka magharibi wanajua mvua inakuja (Luka 12:54). Kutazama mawingu si kukosa imani.

Congo ina shirika la hali ya hewa, METTELSAT. Shida ni njia ndefu kati ya ofisi ya Kinshasa na mama anayeuza mihogo kando ya mto. Marekani, baada ya kimbunga kilichoua watu 24 mjini Moore mwaka 2013, wabunge walibishana miaka, na mwaka 2017 sheria ikapita. Iliagiza onyo la kimbunga litafutiwe njia ya kutolewa zaidi ya saa moja kabla. Iliagiza pia uchunguzi wa namna watu wanavyopokea onyo, na hilo ndilo linalotuhusu zaidi.

Sheria ya kwetu ingepaswa kutaja kwa cheo nani anatoa onyo, nani analipokea katika kila teritware, na nani ana ruhusa ya kufunga soko bila kungoja Kinshasa. Itaje pia fedha za vipimo vya mvua milimani, maana mafuriko ya Kalehe huanzia juu. Na ilazimishe kupokea habari za Rwanda na Burundi, hata siku ambazo wakubwa hawasemezani. Wingu haliombi viza.

Tangu M23 ichukue Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, sheria ya Kinshasa haifiki kila kijiji. Makanisa yetu yako pande zote mbili za vita. Shemasi mwenye simu na kengele, huko bondeni, hahitaji kura ya bunge ili aanze msimu huu wa mvua.