Na Jina Ingine?

Mwenye ploti wetu hapa Kawangware 46 aliniita jioni moja nimwandikie fomu. Chumba kimeachwa wazi, cha elfu nne na mia tano, na amechoka na wapangaji wa kuhama usiku na deni. "Wewe umesoma, kijana wangu." Nilisoma nusu, karo ikanishinda, lakini fomu si digrii. Akaanza kunitajia maswali: jina, na jina ingine. Kwao ni wapi. Ameolewa? Watoto wangapi? Anasali wapi? Kuhusu kodi lilikuja swali moja tu, tena la mwisho.

Hilo "jina ingine" nalijua vizuri. Nikitafuta keja, kutoka Gatina hadi Congo, vyumba vilijaa ghafla nikishataja jina la baba. Keateka ameshashika funguo mkononi, halafu: "Aki pole, kuna mtu alikuwa ametuma dipoziti." Wiki mbili baadaye bango la nyumba tupu bado linaning'inia getini.

Hofu yao naijua na siicheki. Mwaka 2001 Rais Moi alisema kodi za Kibera zipunguzwe, wapangaji na wenye nyumba wakapigana, na watu wakafa. Baada ya uchaguzi wa marudio wa Oktoba 26, 2017, vurugu zilifika hapa hapa Kawangware, majirani wakageukiana kwa kabila. "Tuliona kwa macho," mathe akaniambia. Sasa anataka ploti ya "watu wetu".

Lakini mathe, fikiria. Ploti ya kabila moja ndiyo rahisi zaidi kuchoma. Wahuni hawahitaji kuuliza nani analala wapi, kwa sababu wewe mwenyewe ulishawapangia. Na yule aliyehama na deni la miezi mitatu alikuwa wa kwenu. Hapo alinyamaza, akapepeta maharagwe yake.

Tena sheria iko. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 hakifungi mikono ya serikali pekee, kinamkataza hata mtu binafsi kumbagua mwenzake kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito au ndoa. Ni wachache hapa watakaoenda kortini kwa chumba cha elfu nne na mia tano, nakubali. Ndiyo maana fomu ina maana kuliko korti.

Mwenye nyumba ana haki ya kujua kodi itatoka wapi. Basi aulize hiyo kodi. Asidai payslip, kwani ni mama fua gani au mtu wa mjengo gani aliye nayo? Na asidai M-Pesa yako yote ya miezi sita, asome mpaka uliyemtumia pesa ya dawa. Mpangaji aonyeshe meseji za kodi ya miezi mitatu, basi, na namba ya keateka wa alikotoka. Maswali yawe yale yale kwa kila mtu, aliyetangulia na akatimiza achukue funguo, na anayekataliwa aambiwe sababu ya kweli.

Nikiandika hayo nilikuwa nimechelewesha kodi yangu siku tisa. Anayenidai makala hajalipa, na mathe alijua. Kwa fomu yangu mwenyewe, meseji zangu zingeninyima chumba. Sawa. Kukataliwa huko kunaniuma, lakini mwezi ujao naweza kulipa mapema. Jina la baba nitalilipa na nini?

Mathe amefuta kwao na kanisa. Jina ingine limebaki, ila linaandikwa siku ya kuchukua funguo, kwa ajili ya risiti. Watoto amekataa katakata kufuta: tangi ni moja, maji huja mara mbili kwa wiki. Nimemwambia aandike kiasi cha maji basi, mitungi mingapi kwa kila mlango, asihesabu watoto wa watu. Bado tunabishana, na chumba bado kiko wazi.