Kamba Iliyokaushwa Jikoni

Kwetu Pangi mvua haikawii. Kamba ya mtumbwi ikilowa, wengine huitundika juu ya mafiga, kama wazee walivyofanya na kamba za magome. Lakini kamba nyingi za siku hizi, pamoja na magunia meupe ya mchele, ni za polipropilini. Giulio Natta wa Italia aliitengeneza mwaka 1954, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963 pamoja na Karl Ziegler wa Ujerumani. Kwa kamba hiyo, moto wa jikoni si rafiki.

Tuutazame uzi mmoja. Ndani yake mna minyororo midogo mno isiyoonekana kwa macho. Kiwandani uzi hupashwa moto na kuvutwa mpaka urefu wake uongezeke mara kadhaa. Ndipo minyororo hujipanga kuelekea upande mmoja, kama waumini katika maandamano ya Ekaristi, na sehemu zake hushikamana kuwa fuwele. Nguvu ya kamba yatoka katika mpango huo. Uzi ukipashwa moto kwa kiasi huku umeshikwa pande zote mbili, fuwele hukua na mpango hudumu. Ukipashwa moto umelegea, minyororo hujikunja, uzi hufupika, na nguvu hupungua.

Viwanda vingine huchanganya polipropilini na polietilini. Hii ya pili huyeyuka kwenye digrii 130 hivi, ya kwanza kwenye 165 hivi. Joto likiwa kati ya hizo, moja huyeyuka na mwenzake husimama. Kamba huonekana nzima. Lakini polietilini ikipoa, fuwele zake huweza kuota kwa mshazari, wala si katika mpango wa kwanza.

Hapo ndipo penye hatari. Kamba ikikatika wakati mto Elila umefurika, haimpi mtu nafasi ya kujuta.

Basi, wazazi, kamba ya namna hii hainywi maji. Ikung'uteni, muitundike kivulini penye upepo, mbali na jiko na jua kali. Iliyokwisha kujikunja kwa moto, fungieni kuni, msivukie watoto.

Nao watoto wetu watapita katika joto la maisha. Tusiwaache walegee: tuwashike vema pande zote mbili, nyumbani na shuleni.