Kuku Achanjwe, Paka Aachwe Afe?

Jumapili iliyopita, katika kanisa moja la mabati hapa Kayole, mashariki mwa Nairobi, mhubiri aliwakemea waumini wake kwa sababu mmoja wao, mama anayeuza omena karibu na steji, alimnunulia paka wake dawa ya kifua. Paka hatibiwi, alisema. Mungu amempa roho tisa na majani ya kutafuna, na mtu anayehangaika kumfungua paka mdomo ammezeshe tembe ama ana pepo ama ana pesa za kuchezea. Watu wakapiga makofi. Mama mwenyewe alikuwa ameketi papo hapo, hana pa kuficha uso. Alinisimulia kesho yake huku akipima omena, na sauti yake ilikuwa bado inatetemeka.

Hasira yangu haijapoa, kwa kuwa maneno yale si ya mhubiri peke yake. Utayasikia Umoja, Dandora, Huruma, Jericho na Maringo: paka hatibiwi, paka hakubali dawa, paka hujitibu. Watoto huyasikia wakiwa wadogo, na wakikua huyarudia mbele ya paka anayekoroma kwa kamasi, macho yamegandamana kwa usaha, mbavu zinahesabika. Wanamtazama, wanamrushia kipande cha matumbo, wanasema atapona.

Nina swali moja, na nitalirudia mpaka nijibiwe. Kuku je?

Eastlands nzima ina kuku. Wako kwenye paa za Pipeline, kwenye roshani za Umoja, kwenye vizimba nyuma ya nyumba za Kaloleni. Sijasikia hata siku moja mtu akisema kuku hatibiwi. Chanjo ya Newcastle hutiwa tone moja jichoni, kifaranga baada ya kifaranga, na anayeitia ni mama wa nyumbani asiye na shahada yoyote. Nguruwe wa Dandora wanadungwa sindano, na nguruwe akidungwa mtaa wa pili utajua. Mbuzi hubanwa kichwa kwapani, chupa ya soda ikapenyezwa kando ya mdomo, dawa ya minyoo ikashuka, apende asipende. Hakuna anayempigia mwenye mbuzi kelele kwamba ana pepo. Ni kwa sababu mbuzi ataliwa. Mnyama anayeelekea sufuriani anatibiwa. Anayekesha akitulindia unga ndiye anayeambiwa ana roho tisa.

Maana paka wa mitaa yetu anafanya kazi. Takataka zinalala wiki nzima vichochoroni, mitaro imeziba, maji machafu yanapita mbele ya milango ya watu, na panya wananenepa humo. Kila asubuhi kijana anapita na kipaza sauti chenye maneno yaliyorekodiwa, dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, na watu wananunua vifuko visivyo na maandishi ya maana. Panya anakula sumu, anatoka akipepesuka, paka anamkamata na kumla. Kisha paka naye analala chini ya ngazi akitokwa damu puani, na wapangaji wanapita wakisema ni wakati wake. Ameuawa na kazi tuliyompa, kwa sumu tuliyonunua, na bado tunaona aibu kumpeleka kwa daktari.

Kaunti nayo ilijitokeza. Mnamo Januari 2025 Nairobi ilisikia pendekezo kwamba kila mwenye paka alipe leseni ya shilingi 200 kwa mwaka na awe na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Sina ugomvi na chanjo. Kila paka apewe. Lakini serikali inayoshindwa kuzoa takataka za Kariobangi isianze kwa kumdai ada mwenye paka. Huyo paka ndiye afisa wa afya pekee anayeingia vichochoro vyetu kila usiku.

Sasa niingie kwenye hoja yao kuu, kwamba paka hakubali dawa. Anakwaruza, wanasema. Anang'ata. Hashikiki. Haya husemwa na wanaume wanaoning'inia mlangoni mwa matatu Jogoo Road gari likienda kasi, wanaobeba magunia ya viazi mgongoni pale soko la Wakulima, wanaozuia fahali machinjioni. Wanaume hao wananiambia wameshindwa na mnyama wa kilo tatu na nusu. Ni uongo mtupu. Hawajajaribu. Wamemshika mkia au ngozi ya shingo katikati ya chumba, wakamtumbukizia kidole mdomoni, na alipojitetea wakatangaza kwamba viumbe wa aina yake hawatibiki.

Paka hakatai kupona. Anakataa uchungu, anakataa kushtukizwa, na anakataa mikono yenye pupa. Anayetaka kumtibu huchukua leso ya zamani, humviringisha miguu yote minne ndani, kichwa tu kikabaki nje. Humweka mapajani au juu ya meza, paka akimpa mgongo, si uso kwa uso, maana paka akitazamwa machoni na mtu aliyemwinamia hujua kuna jambo. Mkono mmoja unakishika kichwa kwa juu, kidole gumba upande huu wa mashavu na vidole vingine upande ule, kisha pua inaelekezwa juu. Taya la chini hulegea lenyewe. Kidole cha mkono wa pili kinalishusha pale kwenye meno madogo ya mbele, katikati ya chonge, na tembe inaangushwa nyuma kabisa ya ulimi. Ukiiweka mbele ataitema, na atakuwa na haki. Mdomo unafungwa, koo linapapaswa taratibu, na akilamba pua ujue imeshuka.

Halafu maji. Hapa hata wanaowapenda paka wao huzembea. Tembe kavu inaweza kukwama kwenye umio wa paka. Doksisaiklini, ambayo madaktari huwapa paka wengi wenye mafua, ikikwama huuchoma umio, na kovu lake linaweza kuuziba asiweze tena kumeza chakula. Kwa hiyo tembe hufuatwa na maji kidogo kwa sirinji isiyo na sindano, kupitia pembeni mwa shavu, tone kwa tone, kichwa kikiwa sawa. Dawa ya maji hupewa kwa njia hiyo hiyo. Anayekirudisha kichwa nyuma na kummiminia kwa kijiko anaipeleka dawa mapafuni, na paka aliyekuwa na minyoo anakufa kwa nimonia. Kisha jirani anasema, si nilikwambia paka hakubali dawa!

Wengine husaga tembe na kuichanganya na sukari au asali, kama wanavyowafanyia watoto. Ni kazi bure. Mwaka 2005 watafiti, wakiwemo wa kituo cha Monell kule Philadelphia, walionyesha kwamba jeni moja inayohitajika ili ulimi uonje utamu imeharibika katika jamii ya paka. Paka hajui utamu wa sukari. Uchungu anaujua vizuri sana, na tembe iliyosagwa humwaga uchungu wake wote mdomoni kwa mpigo. Ndiyo sababu anatokwa na povu. Povu hilo limewatorosha watu nyumbani mwao, wakidai paka amepatwa na kichaa au ameingiwa na jini, na hali ni tembe ya metronidazoli tu imemgusa ulimi. Ifiche tembe nzima ndani ya kipande cha samaki au ipake siagi, kama daktari hajakataza. Maziwa yaache. Paka wengi wakubwa huwaharisha, na hupunguza nguvu za dawa za jamii ya tetrasaiklini.

Lakini balaa kubwa kuliko kutomtibu ni kumtibu kwa dawa ya kabati. Watu wale wale wanaoapa kwamba paka hatibiwi, siku moja huruma ikiwashika, huvunja Panadol katikati na kumtilia kwenye maziwa. Tembe moja ya miligramu 500 inatosha kumuua paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunja parasetamoli ipasavyo; damu inashindwa kubeba oksijeni, ufizi unageuka rangi ya kahawia au kijivu, uso na nyayo vinavimba, anahema kwa shida. Hata nusu ni sumu. Poda nyingine za viroboto zilizotengenezewa mbwa zina pamethrini, na paka akipakwa hutetemeka mwili mzima mpaka anakufa. Ujinga huu ni mtoto wa imani ile ile. Jamii iliyokubaliana kwamba paka hatibiwi haiwezi kujua ni dawa gani humponya na ipi humuua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuliza.

Na wa kumuuliza ni nani? Kemisti wa mtaani anauza viuavijasumu kwa tembe mbilimbili kama peremende, haulizi ni za nani wala za ugonjwa gani, na mgonjwa akipata nafuu kidogo anaacha. Tunawatendea watoto wetu hivyo hivyo, kisha tunashangaa dawa haifanyi kazi. Agrovet ukimtaja paka, muuzaji anacheka na kukuonyesha mfuko wa chakula cha kuku. Shule ya madaktari wa wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete. Shirika la KSPCA, ambalo limewatetea wanyama nchini tangu 1910, liko Karen. Sehemu zote mbili ziko upande wa pili wa jiji. Mtu wa Kayole anavuka katikati ya mji kwa matatu mbili, paka akilia ndani ya katoni, na kondakta anamdai nauli ya mzigo. Huyo ndiye ambaye mhubiri anasema ana pesa za kuchezea.

Kuhusu majani sitasema mengi. Paka hutafuna nyasi na wakati mwingine hutapika. Nyasi haziui minyoo, hazikaushi usaha, na hazijamponya paka yeyote nimonia. Wanaosema kwamba akiugua hujificha na kufunga mpaka apone wajue kwamba paka asiyekula kwa siku chache, hasa aliyenona, ini lake hujaa mafuta na linaweza kumuua hata kama ugonjwa wa kwanza ulikuwa mdogo. Anajificha kwa sababu ni dhaifu na anaogopa. Mkimkuta nyuma ya tangi la maji amekauka, msiseme alikuwa anajitibu.

Nimeambiwa pia kwamba ni dhambi kumtibu paka hali kuna watu hawana unga. Wanaosema hivyo waniambie ni nani alitoboa gunia la unga. Na kama tunazungumza dhambi, Mithali sura ya 12 inamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake, na mhubiri anayo Biblia. Pale Majengo, Pumwani, watoto wa madrasa wanaijua hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, nayo haimruhusu mtu kumwacha mnyama wake ateseke bure. Vitabu vyote vitatu vimenyamaza kabisa kuhusu roho tisa.

Tena si paka peke yake aliye hatarini. Kenya imejiwekea lengo la kutokomeza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia 2030, kwa mkakati uliozinduliwa 2014. Paka naye huupata ugonjwa huo na humwambukiza mtu kwa kumng'ata, na dalili zikishaanza kwa binadamu kupona ni muujiza. Paka ambaye hajawahi kushikwa kichwa wala kufunguliwa mdomo kwa upole hatashikika siku ya chanjo. Kazi hiyo huanza akiwa mtoto wa miezi miwili: kila jioni anashikwa mashavu, anafunguliwa mdomo, anapewa dagaa mmoja, anaachiliwa.

Kaunti ikitaka shilingi zangu 200, ije na vitu hivi Jogoo Road: meza, daktari wa mifugo, sanduku la barafu lenye chanjo, dawa ya minyoo ya kipimo cha paka, na mtu wa kuwafundisha wenye paka kuviringisha leso. Mara mbili kwa mwaka, Kayole, Dandora, Umoja na Pumwani. Nitakuwa wa kwanza kupanga foleni, na yule mama wa omena nitamchukulia nafasi mbele yangu.